Msitu Uliofifia Mwezi wa Sita

Kazi yangu ni kuangalia misitu nikiwa nimekaa kwenye kiti. Ofisi yetu iko Nyamagana, jijini Mwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na dirisha langu linatazama mabati ya soko na kipande chembamba cha ziwa. Setelaiti hupita juu ya Kanda ya Ziwa, hupiga picha, picha hushuka hadi kwenye kompyuta zetu, nasi tunapima ukijani. Nikiwaeleza watu hivyo hudhani ninazungumzia rangi wanayoiona wao. Lakini jani hurudisha pia mwanga mwingine ambao macho ya binadamu hayauoni kabisa, na huurudisha kwa wingi wa ajabu. Msitu mnene unang'aa katika mwanga huo kuliko shamba la pamba, kuliko malisho ya ng'ombe, kuliko mpunga wa Magu ukiwa umestawi. Kipimo chetu kinauegemea sana mwanga huo. Msitu ukikatwa, mng'ao unashuka, na mimi huku ghorofani ninaujua msiba wake kabla sijafika.

Ndivyo nilivyoamini hadi mwaka ule msitu wa kisiwani kwa mama ulipofifia.

Kisiwa chenyewe kiko ng'ambo ya Ukerewe. Kina mlima mmoja mfupi katikati, na msitu wa zamani umeuvika mlima huo pande zote, ukashuka upande wa magharibi kwenye ardhi tambarare hadi karibu na maji. Watu wanaishi pembezoni, wanavua na kulima muhogo na viazi. Mama yangu alizaliwa huko. Aliolewa na baba, Msukuma wa Magu, wakahamia Nyakato baba alipopata kazi kiwandani, na tangu alipokwenda kumzika kaka yake, mama hakuwahi kurudi. Nilipoajiriwa na kukuta kisiwa kile kimo katika maeneo yetu, sikumwambia mtu. Nilikuwa nakifungua kwenye kompyuta wakati wa chakula cha mchana, kama mtu anayefungua albamu ya familia ambayo yeye mwenyewe hayumo.

Mwezi wa sita mng'ao ukashuka. Mwezi wa tatu msitu ulikuwa unawaka, mwezi wa nne mawingu yalituziba, mwezi wa tano ukaonekana umepungua, na sasa upande wote wa kusini wa mlima ulikuwa umefifia kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Nikamwita bosi wangu. Alikuwa mzee wa Kihaya, mpima ardhi tangu enzi za kutembea na minyororo ya kupimia porini, na muda wake wa kustaafu ulikuwa unakaribia. Alisogeza miwani, akainama mbele ya skrini.

"Mkaa huo," akasema.

"Mzee, upande mzima kwa pamoja?"

"Binti yangu, nimeshuhudia misitu ikiisha kwa haraka zaidi ya hapo. Andika ripoti. Wenyewe wanaisubiri."

Wenyewe walikuwa wakubwa waliotuagiza kazi ile, na nilijua watakachofanya. Wakiambiwa msitu unakatwa, wangeufunga. Wanawake wa kisiwani wasingeingia tena kuokota kuni zilizoanguka, wala kuchota maji kwenye chemchemi iliyo ndani. Njia inayokatiza kutoka kijiji hadi kijiji ingewekewa mlinzi.

Jioni ile nilimwambia mama. Tulikuwa tunakula, ugali na sato, nyumbani kwetu Nyakato. Pengine sikupaswa kumwambia, lakini kukaa naye meza moja nikiwa nimebeba habari ile kulinishinda. Aliacha kula. Aliosha mikono yake polepole kwenye bakuli, akaikausha kwa upindo wa kanga.

"Nani kasema umekatwa?"

"Picha, mama."

"Umekwenda?"

"Sijakwenda. Setelaiti inaona kutoka juu."

"Sisi tulikatazwa kukata hata fimbo ya kuchungia mbuzi. Baba yangu mwenyewe alikuwa akitaka mti wa mtumbwi anavuka maji kwenda kuutafuta kwingine. Leo uniambie upande mzima." Akatikisa kichwa. Hakuwa amekasirika. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeletewa habari za kifo na bado anatafuta namna ya kutoamini. Akaenda kulala mapema.

Kesho yake sikuandika ripoti. Nilianza kufungua picha za miaka ya nyuma, moja baada ya nyingine, mwezi kwa mwezi, pale mawingu yaliporuhusu. Nilitaka tu kujua ukataji ulianza lini. Nilichokikuta kiliniweka kwenye kiti hadi wenzangu wakaondoka wote.

Msitu ulikuwa umefifia kila mwezi wa sita. Mwaka uliotangulia, na wa kabla yake, na wa kabla yake tena. Halafu kila mwezi wa tisa ulikuwa unarudi kuwaka. Hapo nilisimama, maana mwezi wa tisa kwetu ni mwisho wa kiangazi, vumbi limeenea kila mahali, hata majani ya miembe ya mjini yana rangi ya udongo. Msitu gani huo unaostawi wakati mvua imeshasahaulika? Na mwezi wa kumi na mbili, mvua za vuli zikiwa zinamwagika, ulikuwa unafifia tena. Safari hii upande wa kusini ulikuwa unang'aa vizuri kabisa. Uliofifia ni wa kaskazini.

Niliirudia mara nyingi nikidhani nimechanganya picha. Wakata miti hawaumalizi mlima upande mmoja kisha wakahamia upande wa pili huku ule wa kwanza ukiota upya ndani ya miezi michache. Hakuna mvua inayofanya hivyo. Hakuna ugonjwa wa miti unaofanya hivyo. Kulikuwa na kitu kikubwa kinazunguka mlima ule kila mwaka bila kukosea, na mimi sikukijua.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba nikimsaidia mama kugeuza muhogo alioanika juu ya turubai. Aliniambia nisogeze turubai mbele zaidi, kivuli cha nyumba kinakuja. Nikasogeza. Uwanja wetu wa nyuma uko kusini, na kivuli cha nyumba kilikuwa kimelala juu yake, kirefu, ingawa asubuhi ilikuwa imeshakwenda. Nikakumbuka kwamba wakati wa Krismasi kivuli hicho huwa upande wa mbele, kibarazani, ambako tulikaa na wageni. Nimekulia katika nyumba ile. Nimeona kivuli kile kikihama maisha yangu yote, na sikuwahi kukiuliza kinakwenda wapi.

Nilisimama na kipande cha muhogo mkononi. Mwezi wa sita jua liko kaskazini kwetu. Mwezi wa kumi na mbili liko kusini. Mwezi wa tatu na wa tisa linapita juu ya utosi. Mlima ule wa kisiwani ulikuwa na kivuli chake kama nyumba yetu, na kila mti juu yake ulikuwa na chake.

Jumatatu nilimkuta bosi anakunywa chai.

"Mzee, nadhani ni jua."

"Jua limefanya nini?"

"Msitu hauna tatizo. Ni jua limehama, tunapima vivuli."

Aliweka kikombe chini. "Setelaiti inapita saa nne na kitu asubuhi. Kila siku saa ile ile. Waliiweka hivyo makusudi, jua liwe pale pale."

"Saa ni ile ile, mzee. Jua haliko pale pale. Saa nne ya mwezi wa tatu liko juu, saa nne ya mwezi wa sita limeinamia kaskazini."

Nilimwonyesha picha za miaka yote. Alizitazama muda mrefu, akizipitisha mbele na nyuma, mlima ukiwaka na kufifia, kusini, kaskazini, kusini, kaskazini. Niliona mkono wake umetulia juu ya meza.

"Nimefanya kazi na jua miaka yangu yote," akasema mwishowe. "Nimepima mipaka kwa jua." Akavua miwani. "Lakini siwezi kutia sahihi kwamba msitu uko salama kwa sababu wewe na mimi tumekaa hapa tukafikiri. Lazima mtu akaushike."

Mama alipojua tunakwenda, alishaanza kukunja nguo zake kabla sijamaliza kueleza. Nilimwambia ni safari ya kikazi. Aliniuliza kama kazini kwetu wanakataza mtu kwenda kwao. Bosi alicheka nilipomweleza, akasema nafasi ipo.

Walikutana bandarini. "Shikamoo mama," bosi akasema, ingawa tofauti yao ya umri haikuwa kubwa, na mama akaitika marahaba bila kusita, akamkabidhi kikapu chake abebe. Tulivuka kwa kivuko hadi Ukerewe, kisha tukachukua boti ya injini. Mama alikaa mbele, mtandio umefungwa kidevuni, hakugeuka nyuma hata mara moja. Kisiwa kilipoanza kuonekana nilimtazama yeye badala ya kukitazama. Midomo yake ilikuwa inacheza. Mlima ulikuwa mweusi kwa msitu, toka chini hadi juu.

Mwenyekiti wa kamati ya msitu alitusubiri ufukweni. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mrefu, sauti ya chini, na hakutuchangamkia. Habari za picha zilikuwa zimemfikia bosi alipoomba ruhusa ya kuingia msituni.

"Karibuni," akasema. "Mmekuja kutuonyesha tulivyokata msitu wetu?"

Kabla bosi hajajibu, mama alishuka kwenye boti, maji yakamfika magotini, akamsogelea yule mwanamke akamtazama usoni. Akamuuliza kwa Kikerewe ni mtoto wa nani. Yule mwanamke alijibu jina la baba yake. Mama akamshika mashavu kwa mikono miwili. Alikuwa binti wa kaka yake, yule aliyekwenda kumzika. Siku ya mazishi alikuwa msichana mdogo sana.

"Shikamoo shangazi," mwenyekiti akasema, na sauti yake ikabadilika kabisa.

Mimi nikasimama majini na viatu vyangu mkononi, nikijua kwamba mtu ambaye ripoti yangu ingemshtaki alikuwa binamu yangu. Bosi aliniinamia sikioni. "Basi hapa utanyamaza," akanong'ona. "Nitauliza mimi."

Na kweli aliuliza yeye. Mchana ule tulitembea upande wa kusini wa mlima, ule uliofifia kwenye picha zangu. Sijui niueleze vipi. Miti ilisimama. Mingine watu watatu wasingeweza kuikumbatia kwa kushikana mikono. Chini kulikuwa na giza la kijani na harufu ya udongo ambao haujawahi kukauka, na juu hondohondo walikuwa wanapita kwa kishindo cha mabawa. Bosi alikuwa anagusa kila shina kubwa tulilopita, anaweka kiganja, anasubiri kidogo, anaendelea. Hakukuwa na tanuru la mkaa. Hakukuwa na kisiki. Tulipofika kwenye chemchemi mama alichuchumaa akanywa kwa viganja, akanawa uso, akabaki amechuchumaa pale, na hakuna aliyemwambia tuondoke.

"Upo," bosi akaniambia mimi peke yangu. Ndilo neno pekee alilosema hadi tuliporudi kijijini.

Lakini nilitaka zaidi ya hilo. Nilitaka kuona kosa lenyewe. Nikamuuliza mwenyekiti kama kuna mahali ambapo mtu anaweza kusimama juu ya miti akautazama msitu kutoka juu. Akasema lipo jabali, karibu na kilele, linalotokeza juu ya upande wa magharibi. Mama akasema analijua, utotoni walipanda huko kutazama mitumbwi ikirudi. Tulimwambia njia ni ngumu. Akauliza tunaondoka saa ngapi.

Asubuhi iliyofuata, kulipopambazuka, tulianza kupanda. Mwenyekiti alimshika mama mkono mmoja na mimi mwingine, na kwenye sehemu za mwinuko mkali bosi alitangulia akawa anatuvuta. Jabali lilikuwa kama majabali yetu ya Mwanza, la kijivu, lenye mgongo wa duara, tupu kabisa juu. Tulipotokeza jua lilikuwa nyuma yetu, limeshaachana na ziwa lakini bado liko chini. Mbele yetu msitu wa magharibi ulikuwa umetandazwa, vichwa vya miti vimebanana hadi kwenye maji.

Mwanzoni niliona vivuli vyetu tu. Vivuli vya watu wanne vilikuwa vimeangukia juu ya miti, mbali chini yetu, vyembamba na vya ukungu kidogo. Halafu nikaona kwamba kuzunguka kivuli cha kichwa changu miti ilikuwa inawaka. Si kung'aa kwa maji wala kwa umande. Majani yalikuwa yameloa mwanga, kila jani, na hapakuwa na tone la weusi katikati yao. Kadiri jicho lilivyokwenda mbali na kichwa changu, kulia au kushoto, ndivyo weusi ulivyorudi kati ya miti, kidogo kidogo, hadi kwenye kingo msitu ukawa msitu wa kawaida wenye mashimo ya giza. Nilisogea hatua chache. Ule mwanga ukasogea nami, ukateleza juu ya vichwa vya miti kama taa inayobebwa.

"Mnauona?" nikauliza.

"Naona," bosi akasema taratibu. Alikuwa amevua kofia. "Umenizunguka kichwa."

"Wewe?" mwenyekiti akasema. "Uko kwangu. Wewe huna kitu."

Mama alitazama muda. "Ninyi wote hamna kitu," akasema. "Mwanga uko kwangu mimi." Tukacheka, hata yeye, kisha tukatazama tena, maana kila mmoja wetu alikuwa anasema kweli. Kila mtu aliuona ukizunguka kichwa chake yeye, na wenzake hawana kitu.

Nilianza kueleza na nikagundua ninajieleza mwenyewe. Pale kivuli cha kichwa chako kinapoangukia, jicho lako na jua viko kwenye mstari mmoja. Unautazama msitu kutoka lilipo jua. Jua halioni kivuli. Kila jani limekificha kivuli chake nyuma yake lenyewe. Kwa hiyo pale unaona majani matupu yaliyopigwa na mwanga. Ukitoka kidogo kwenye mstari ule, vivuli vinaanza kuchungulia.

"Sasa geukeni," nikasema.

Tuligeuka kulielekea jua, tukavuka mgongo wa jabali hadi ukingo wa mashariki, tukatazama chini. Ulikuwa msitu ule ule, miti ile ile, asubuhi ile ile. Ulikuwa mweusi. Tuliona migongo ya miti tu, na uzi mwembamba wa mwanga kwenye kingo za vichwa vyake, na kati ya mti na mti mashimo ya usiku. Mtu angeletwa pale amefungwa macho, kisha akaonyeshwa pande zote mbili, angeapa kwamba huu umeungua na ule umestawi.

Bosi alirudi ukingo wa magharibi. Akatazama. Akaja tena mashariki. Alifanya hivyo mara kadhaa, peke yake, kofia mkononi, na sisi tulimwacha.

"Mwezi wa tatu na wa tisa," akasema alipotulia, "jua linakaribia kuwa mgongoni mwa setelaiti. Inaona huu." Akaonyesha magharibi. "Mwezi wa sita jua linatoka pembeni. Inaona vivuli vinaingia. Inaanza kuona ule."

"Ndiyo, mzee."

"Na miti haijafanya lolote."

"Miti imesimama tu."

Akakaa juu ya jabali. "Miaka yote hii," akasema, lakini hakumalizia, na sikumwona na huzuni. Alikuwa anautazama msitu kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba anayoishi ina chumba kimoja zaidi.

Tulikaa hadi saa nne ikapita, saa ya setelaiti. Jua lilikuwa limepanda lakini limeegemea kaskazini, na kwa macho yetu tuliona upande wa kusini wa mlima ukiwa umetiwa kivuli na mgongo wake wenyewe, kila mti umetupa kivuli juu ya jirani yake wa chini. Ilikuwa ndiyo picha yangu, ile iliyomfanya mama aache kula, imelala pale mbele yangu ikiwa hai. Mama aliuliza kile chombo kinapita saa ngapi. Nikamwambia sasa hivi, pengine dakika hii. Sote tukatazama juu. Kulikuwa na anga la buluu na mwewe mmoja.

"Kinatuona?"

"Hapana, mama. Sisi ni wadogo mno kwake. Hata mti mmoja hakiuoni. Kinaona mwanga wa miti mingi kwa pamoja, umechanganyika."

"Na mwanga huo unatoka hapa unafika huko juu?"

"Unatoka kwenye jua, unagonga jani, unapanda hadi huko."

Alifikiri. Akaangalia miti, akaangalia juu, akaangalia jua kwa kukinga jicho na kiganja. "Safari ndefu," akasema, "kwa ajili ya jani." Akajitengeneza kanga mabegani na kuketi wima, kwa adabu, kama mtu anayepigwa picha.

Tuliporudi Mwanza mama hakurudi nasi. Alisema atabaki kwa mtoto wa kaka yake hadi atakapochoka, na mwenyekiti akasema chumba kipo. Niliondoka na bosi.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya kuchosha, na sitaieleza yote. Kwa kila picha ilibidi nikokotoe jua lilikuwa juu kiasi gani na upande gani, na mteremko wa mlima unatazama wapi, na setelaiti yenyewe ilikuwa inachungulia kutoka mashariki au magharibi, kisha niurekebishe mwanga kana kwamba jua lilisimama mahali pamoja mwaka mzima bila kuhama. Wapo wataalamu wa nchi nyingine waliokwisha kulishughulikia jambo hili kwenye misitu mikubwa kuliko wetu. Nilisoma kazi zao na kuomba msaada kwa barua pepe, na nilijibiwa kwa ukarimu. Nilipomaliza, nilizipanga picha za mwaka mzima nikaziendesha. Mlima haukufifia tena. Ulisimama katika mwanga ule ule, mwezi baada ya mwezi, kijani na kimya.

Isipokuwa mahali pamoja. Upande wa mashariki, karibu na maji, kulikuwa na doa dogo lililoshuka na halikupanda tena. Awali lilikuwa limefunikwa na lile wimbi kubwa la vivuli, na nisingeliona hata kama ningelitafuta mwaka mzima. Sasa lilikuwa wazi kama jino lililong'oka. Niliangalia mara nyingi nikiomba liwe jua. Halikuwa jua.

Nilimpigia simu binamu yangu. Nilimweleza mahali, karibu na ghuba ndogo, chini ya mwamba.

"Una uhakika safari hii?"

"Nina uhakika."

Alikwenda na kamati, akanipigia jioni. Miti ilikuwa imekatwa. Wavuvi wa kambi iliyokuwa upande ule walichukua kuni za kukaushia samaki, wakianza na miti mikavu, kisha mibichi. Hapakuwa mahali ambapo watu wa kijiji hupita. Kamati iliwaita, wakakubali, wakaonyeshwa mahali pengine pa kupata kuni nje ya msitu, na eneo lile likaachwa lipumzike. "Ningekuchukia," binamu yangu aliniambia, "kama usingekuja kwanza ule mwezi wa sita."

Ripoti ilikwenda na mambo yote mawili ndani yake, msitu uliosimama na doa lililokatwa. Wakubwa hawakuufunga. Bosi alitia sahihi, akaniita nimwangalie anavyotia, na muda mfupi baadaye akastaafu akarudi kwao Bukoba. Siku ya kumuaga aliwaambia wenzangu kuhusu jabali, na alipofika kwenye ule mwanga aliinua mikono akachora duara kuzunguka kichwa chake, kisha akaketi.

Mimi nilibaki na jambo moja ambalo sikulitarajia. Nilidhani nikishaliondoa jua, mng'ao wa msitu ungebaki mstari mnyoofu kwenye grafu. Haukubaki hivyo. Chini ya lile wimbi kubwa la jua kulikuwa na wimbi jingine, dogo sana, ambalo halikufuata jua wala vivuli. Lilipanda kidogo kuelekea vuli, likatulia, likashuka. Nililitazama siku nyingi nikidhani ni makosa ya hesabu zangu. Kisha nikampigia mama, aliyekuwa bado kisiwani na hakuonyesha dalili ya kuchoka.

"Mama, msituni huko kuna chochote kinachobadilika siku hizi?"

"Kama nini?"

"Chochote. Kwenye miti."

Nilisikia kuku, na mtu akitwanga kwa mbali. "Ngoja nitoke nje," akasema. Akachukua muda wake. "Miti inatoa majani mapya. Mingine imeanza juzi juzi. Yanatoka mekundu kwanza, huko juu, halafu yanageuka. Mlima umekuwa na madoadoa. Kwani vipi?"

Nilikuwa na mstari ule mbele yangu kwenye skrini, ule mkunjo mdogo unaoanza kupanda. Ulikuwa msitu wenyewe, unavuta pumzi.

"Hakuna neno, mama," nikasema. "Hata mimi nayaona."

"Vizuri," akasema. "Basi niache, samaki wangu wako motoni."